Ukinyimwa kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi: Mahakama Kuu inaweza nini, na haiwezi nini

Barua ya kukataliwa kibali huwa fupi. Ina kumbukumbu namba, ina tarehe, kisha mstari mmoja: "Nasikitika kukujulisha kuwa ombi lako la kusafirisha mazao ya uvuvi nje ya nchi halikukubaliwa." Wakati mwingine hata barua haipo. Ombi linabaki kwenye mfumo likisomeka "linashughulikiwa" wiki baada ya wiki, huku pweza wakiwa kwenye chumba baridi kwa nyuzi 18 chini ya sifuri na bili ya umeme ikipanda. Swali la kwanza ambalo wafanyabiashara humuuliza wakili ni kama mahakama inaweza kuwapa kibali. Haiwezi. Inachoweza ni kuufuta uamuzi uliotolewa kinyume cha sheria, kumlazimisha ofisa atimize wajibu aliopewa na sheria, au kumzuia asitende jambo lililo nje ya mamlaka yake. Kibali chenyewe kitatoka, au kitakataliwa upya, kwenye meza ileile kilikoombwa.

Njia hiyo ndiyo mapitio ya mahakama, na si rufaa. Kwenye rufaa jaji anaweza kusema uamuzi ulikuwa mbaya na kuweka wake. Kwenye mapitio jaji haulizi kama kamba wako ni wazuri, wala kama yeye angekuwa Mkurugenzi wa Uvuvi angekupa kibali. Anauliza aliyeamua alikuwa na mamlaka hayo, alifuata utaratibu, alikusikiliza pale alipopaswa kukusikiliza, na alizingatia mambo yanayohusika. Ukimpelekea jaji hoja kwamba kiwanda chako ni kisafi kuliko cha jirani aliyepewa kibali, umempelekea hoja ambayo hana mamlaka ya kuiamua.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Uvuvi si jambo la Muungano: Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi na Mahakama Kuu yake. Kwa uvuvi wa bahari kuu, leseni hutolewa na mamlaka ya pamoja yenye makao yake Fumba, Zanzibar. Mtu anayepinga uamuzi wa mamlaka hiyo ahakikishe kwanza anafungua shauri upande sahihi wa maji.

Ni uamuzi upi hasa unaoupinga?

Wengi wanasema "wamenizuia kusafirisha" bila kujua ni karatasi ipi iliyokwama. Msafirishaji anahitaji leseni ya mwaka ya kufanya biashara ya kusafirisha, kisha kibali kwa shehena husika, na mrabaha, yaani tozo ya Serikali kwa mazao hayo, ulipwe kabla mzigo haujaondoka. Juu yake kuna cheti cha afya, ambacho hutolewa baada ya ukaguzi na, panapohitajika, vipimo vya maabara. Mzigo wa samaki wa baharini unaokwenda Umoja wa Ulaya unadai pia cheti kinachothibitisha kuwa umevuliwa kihalali. Samaki wa maji baridi, sangara wa Ziwa Victoria akiwemo, hawaguswi na sharti hilo la mwisho, na tayari imetokea katika biashara hii watu kuhangaikia cheti wasichokihitaji.

Kila karatasi ina mtoaji wake na kifungu chake. Leseni iliyofutwa si sawa na leseni ambayo haikuhuishwa, na zote mbili si sawa na kibali cha shehena moja kilichokataliwa. Anayefutiwa leseni ananyang'anywa kitu alichokuwa nacho, hivyo haki yake ya kusikilizwa kabla ya uamuzi ni nzito. Anayeomba kwa mara ya kwanza hana kitu cha kunyang'anywa. Anachoweza kudai ni ombi lake lishughulikiwe kwa haki na kwa mujibu wa sheria. Mwombaji wa kuhuisha yuko katikati. Kama kwa miaka kadhaa amekuwa akihuishiwa kwa masharti yaleyale, ana hoja kwamba alikuwa na matarajio halali ya kuelezwa kabla ya masharti kubadilika.

Kuna pia makatazo ya jumla, kama kufunga msimu au kupiga marufuku zao fulani. Hapo hakuna barua yenye jina lako. Tafuta Tangazo la Serikali lenye namba, lililochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, kisha ulisome pamoja na Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Kanuni za Uvuvi za 2009 pamoja na marekebisho yake. Kama katazo limewekwa kwa kanuni halali, ofisa wa dirishani anayekukatalia anatekeleza sheria, na kumshitaki yeye ni kupoteza ada. Shabaha inahamia kwenye kanuni yenyewe: je, Sheria ilimpa Waziri mamlaka ya kuiweka?

Sababu zinazoshika

Mahakama ya Rufani, katika shauri la Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha la 1990, iliorodhesha misingi ambayo juu yake uamuzi unaweza kufutwa: kuzingatia mambo yasiyopaswa kuzingatiwa, kuacha yaliyopaswa kuzingatiwa, kukosa mamlaka au kuyavuka, kufikia hitimisho ambalo hakuna mtu mwenye busara angelifikia, kuvunja kanuni za haki ya asili (kama ile ya kumsikiliza mtu kabla ya kumwamulia), na uharamu wa utaratibu au wa uamuzi wenyewe. Orodha hiyo hadi leo hunukuliwa karibu katika kila ombi la namna hii. Lakini kuinakili yote sita na kuimwaga kwenye maombi ni kosa. Jaji akiona misingi sita bila ukweli unaoibeba, anajua mleta maombi hajui analalamikia nini. Miwili iliyoshiba inatosha.

Katika vibali vya mazao ya uvuvi, msingi wenye nguvu kuliko yote, kwa maoni yetu, ni ule wa uamuzi uliotolewa na asiyepewa mamlaka. Sheria inapompa Mkurugenzi uwezo wa kutoa au kukataa, ni yeye anayepaswa kutumia akili yake juu ya ombi hilo. Akisema "nimepata maagizo kutoka juu, kwa sasa hatutoi", basi hakuamua, ameamuliwa. Agizo lililotamkwa kwenye mkutano wa hadhara au ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la simu si kanuni, hata kama aliyelitamka ana cheo kikubwa. Shida ni ushahidi. Maneno ya dirishani hayamfungi mtu, na ofisa akiapa kwamba hakuyasema, jaji anabaki na kiapo dhidi ya kiapo. Kwa hiyo siku hiyohiyo andika barua: "Leo tarehe fulani nimefika ofisini kwako kufuatilia ombi namba fulani nikaelezwa kuwa vibali vimesitishwa kwa maelekezo. Naomba nipatiwe nakala ya maelekezo hayo na kifungu cha sheria yanakotoka." Ipeleke kwa dispachi, igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikujibu, una uamuzi wa maandishi. Wasipojibu, una barua isiyokanushwa.

Haki ya kusikilizwa imo kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a), na mahakama zetu hazina mzaha nayo. Kusikilizwa si lazima kuwe kikao cha ana kwa ana. Kinachotakiwa ni uelezwe tuhuma kwa undani unaokuwezesha kujibu, upewe muda wa kutosha, na majibu yako yafikiriwe kabla ya uamuzi kufikiwa. Notisi ya kujieleza inayosema tu "umekiuka Kanuni za Uvuvi", bila kutaja kanuni, shehena wala tarehe, ina kasoro. Notisi iliyotolewa Ijumaa jioni ikitaka majibu Jumatatu asubuhi ina kasoro pia. Hata hivyo ijibu. Anayeinyamazia notisi mbovu huja kuambiwa kwamba nafasi alipewa akaiacha.

Kutotoa sababu ni msingi unaokua. Mahakama Kuu, katika shauri la James Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilisisitiza kwamba mtu anayeathiriwa na uamuzi anastahili kuelezwa sababu zake, kwa kuwa bila hizo hawezi hata kujua kama ana la kukatia rufaa. Ukiomba sababu kwa maandishi ukanyimwa, ukimya huo unakuwa sehemu ya hoja yako.

Msingi unaoshindwa mara nyingi ni ule wa kupingana na maabara. Tuseme cheti cha afya kimekataliwa kwa sababu histamini, kemikali inayojitokeza samaki anapoanza kuharibika, imezidi kwenye jodari. Kwa soko la Ulaya sampuli huchukuliwa 9 kwa kila kundi la mzigo. Mbili zinaweza kuwa kati ya miligramu 100 na 200 kwa kilo, lakini hakuna hata moja inayoruhusiwa kuvuka 200. Jaji hatapima samaki. Wala hataipuuza sababu ya ukali huo: mwishoni mwa 1997 na tena mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa hofu ya kipindupindu kisha ya sumu za kemikali, na viwanda vilivyokuwa na vyeti safi viliumia pamoja na vingine vyote. Serikali inayolinda soko la nchi nzima husikilizwa kwa makini.

Ila njia iliyofuatwa kwenye maabara inachunguzika. Sampuli zilichukuliwa 9 au mbili? Zilitoka kwenye kundi hili, au namba ya kundi kwenye ripoti ni ya mzigo mwingine? Ulipewa ripoti, au ulitajiwa matokeo kwa mdomo? Kanuni zinakuruhusu kupima upya na ulizuiwa? Maswali hayo yanahusu utaratibu, na mahakama inayaweza.

Jambo lingine lililo nje ya uwezo wa jaji wa Tanzania ni uamuzi wa nchi inayoagiza. Ulaya ikikiondoa kiwanda chako kwenye orodha yake ya viwanda vinavyoruhusiwa, hakuna amri ya Dar es Salaam au Mwanza itakayokirudisha. Kama kiliondolewa kwa pendekezo la mamlaka ya hapa nchini, basi pendekezo hilo ndilo la kushambulia.

Saa inayohesabu

Sheria inayotoa njia hii ni Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania, na utaratibu wake uko kwenye kanuni za 2014, Tangazo la Serikali namba 324. Kuna ngazi mbili, na huwezi kuruka ya kwanza.

Ngazi ya kwanza ni kuomba ruhusa ya mahakama. Muda ni miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa au tendo lilipofanyika. Unawasilisha hati ya maombi ya chemba pamoja na maelezo yanayotaja wewe ni nani, unaomba amri gani na kwa misingi ipi, na kiapo cha maandishi kinachothibitisha ukweli wote. Kanuni zinaliita ombi la upande mmoja, lakini Serikali inapohusika sheria inataka Mwanasheria Mkuu aitwe, hivyo tegemea kukutana na mawakili wa Serikali tangu mwanzo, tena wakiwa na pingamizi la awali mkononi, yaani hoja ya kisheria ya kutaka ombi litupwe kabla halijasikilizwa. Kwenye ngazi hii, kama Mahakama ya Rufani ilivyoeleza katika shauri la Emma Bayo, jaji anaangalia mambo machache: kuna hoja ya kubishaniwa, ombi limekuja ndani ya miezi sita, na mleta maombi ana maslahi ya kutosha. Huhitaji kushinda hapo. Mawakili wanaomaliza risasi zao zote kwenye ombi la ruhusa huipa Serikali ramani ya shauri zima.

Ngazi ya pili ni maombi yenyewe, yanayofunguliwa ndani ya siku 14 tangu ruhusa ilipotolewa. Siku hizo ni chache kuliko zinavyoonekana, kwa sababu kupata nakala ya uamuzi wa ruhusa huchukua sehemu yake. Andaa hati za ngazi ya pili ukiwa bado kwenye ya kwanza. Na maelezo yatakayotumika ni yaleyale uliyoombea ruhusa: msingi usiokuwemo mwanzoni hauingizwi kwa mlango wa nyuma.

Kabla ya yote hayo, soma kama sheria inakupa rufaa ndani ya wizara. Kama ipo na hukuitumia, hilo ndilo pingamizi la kwanza utakalokutana nalo, na mara nyingi linaua ombi. Ukiitumia, weka kumbukumbu ya siku uliyoipeleka na ufuatilie, kwa maana miezi sita haimngoji mtu anayesubiri majibu ya simu.

Kusimamisha utekelezaji: hapa ndipo samaki huharibikia

Miezi sita ni muda mrefu kwa karatasi. Kwa kaa hai anayesafirishwa kwa ndege ni kichekesho. Siku chache tu anakufa. Hata mzigo uliogandishwa una tarehe ya mwisho na mnunuzi mwenye mkataba. Kwa hiyo mleta maombi huomba ruhusa pamoja na amri kwamba uamuzi usitekelezwe hadi shauri liishe. Kanuni za 2014 zinampa jaji uwezo wa kuelekeza hivyo anapotoa ruhusa.

Sasa angalia aina ya uamuzi. Leseni yako ikifutwa na jaji akasimamisha kufutwa huko, leseni inaishi, unaendelea kuomba vibali vya shehena. Lakini kama ombi lako la kibali lilikataliwa, kusimamisha kukataliwa hakukupi chochote. Kabla ya barua ya kukataliwa hukuwa na kibali. Ukiisimamisha barua, bado huna. Tumeona maombi ya dharura yaliyoandikwa vizuri yakiishia hapo: amri inatolewa, inapelekwa bandarini, na kontena halisogei kwa sababu hakuna karatasi ya kulisogeza.

Anayepinga kukataliwa anahitaji amri ya kulazimisha, ile ambayo mawakili huiita mandamasi: ombi lishughulikiwe na uamuzi utolewe ndani ya muda uliotajwa. Masharti yake yaliwekwa katika shauri la Byombalirwa la 1986. Uwe umedai wajibu utekelezwe na ukakataliwa. Wajibu huo uwe wa kisheria, wa umma. Uwe wa lazima, usiwe wa hiari ya ofisa. Uwe na maslahi ya kutosha. Na kusiwe na nafuu nyingine inayofaa. Sharti la kwanza ndilo linalosahaulika. Bila barua ya kudai, huna ombi. Sharti la tatu ndilo gumu, kwani kutoa kibali karibu kila mara ni hiari. Kinachokuwa cha lazima ni kulishughulikia ombi lililokamilika. Ndiyo maana amri inayoandikwa "mjibu maombi alazimishwe kutoa kibali" huanguka, na ile inayoandikwa "alazimishwe kulishughulikia na kuliamua ombi la tarehe fulani kwa mujibu wa sheria" husimama.

Kiapo na viambatisho

Mashauri haya huamuliwa kwa viapo, karibu bila shahidi kupanda kizimbani. Kisichomo kwenye kiapo hakipo. Ambatisha ombi lenyewe na uthibitisho wa kupokelewa, risiti za ada na mrabaha, leseni za miaka iliyopita, ripoti za ukaguzi, barua zote kwa mpangilio wa tarehe, na hati ya kampuni inayoonyesha bodi imeidhinisha shauri kufunguliwa. Kukosekana kwa hati hiyo ya mwisho kumeondoa mashauri mengi ya kampuni kabla hoja za msingi hazijaguswa.

Kiapo kibebe ukweli tu. Hoja za sheria, maombi na malalamiko ya moyo vikiingia humo, upande wa pili utaomba aya hizo ziondolewe, na ukibakiwa na mifupa mitupu ombi zima linafuatia. Aya nzuri inasomeka hivi: "Kwamba tarehe 3 Machi niliwasilisha ombi la kibali kwa shehena ya tani 12 za pweza waliogandishwa. Nakala imeambatishwa kama kielelezo B." Aya mbaya inasema: "Kwamba mjibu maombi alitenda kwa uonevu mkubwa na kinyume cha Katiba." Na useme yote. Kama mwaka uliopita uliwahi kutozwa faini kwa kukutwa na sangara walio chini ya sentimita 50, liweke mwenyewe. Likija kwenye kiapo kinzani litaonekana umelificha, na jaji anayeona amefichwa jambo hukunja mkono.

Baada ya amri

Uamuzi ukifutwa, ombi linarudi kwa mwenye mamlaka likiwa kama halijaguswa. Anaweza kulikataa tena, safari hii kwa sababu na kwa utaratibu. Hilo halimaanishi ulipoteza muda: mara nyingi ofisa akilazimika kuandika sababu, hugundua mwenyewe kwamba hazitoshi. Lakini panga biashara yako ukijua kwamba inawezekana.

Hasara ya mzigo ulioharibika haifidiwi kwenye mapitio. Fidia inadaiwa kwa shauri la madai la kawaida, linalotanguliwa na notisi ya siku 90 kwa Serikali, nalo lina ushahidi wake na muda wake. Amri ya kufuta uamuzi itasaidia huko, ila haimalizi kazi. Hifadhi ankara, gharama za kontena na za umeme, mawasiliano na mnunuzi, na ripoti ya kuteketezwa kwa mzigo iliyosainiwa na mkaguzi.

Ukishindwa, rufaa iko Mahakama ya Rufani, na notisi yake huwasilishwa ndani ya siku 30. Pima kabla ya kuifuata. Leseni ya mwaka inaweza kuwa imekwisha muda rufaa inaposikilizwa, na mahakama haipendi kutoa amri isiyo na kitu cha kushika. Kwa wengi, kuomba upya kwa ombi lililorekebishwa, pamoja na barua inayotaja kila dosari iliyotolewa kama sababu na jinsi ilivyoondolewa, kunafika haraka kuliko majaji watatu.